Nyuki wa Udongoni na Zege la Krismasi

Vijana, jana mmenitumia kwenye kundi la wasapu picha ya mizinga yenu mipya, imepakwa rangi ya njano, imepangwa mstari kama madawati, na chini mkaandika, "Mama Nyuki, tupo tayari." Mizinga ni mizuri, sina neno. Lakini hamkupiga picha ya mahali penyewe. Nikawauliza nyuki watakula nini kahawa ikimaliza maua, na watapita wapi wakishuka kutoka msituni. Mkanijibu kwa kidole gumba. Sasa mimi ni mstaafu, muda ninao na hasira kidogo pia ninayo, kwa hiyo nimekaa niwaandikie. Someni hadi mwisho kabla hamjanitumia kidole kingine.

Kazi hii ya afisa nyuki wa serikali niliianza nikiwa msichana wa mjini Moshi, cheti kipya mkononi, nimepangiwa vijiji vya juu huku Old Moshi. Wenzangu wa kiume waliitwa Bwana Nyuki. Kwangu watu walipata tabu. Mwanzoni waliniita Bwana Nyuki wa kike, baadaye wakachoka wakasema Mama Nyuki, na jina likabaki hata kabla sijapata mtoto.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Meku Ndesario, mfuga nyuki wa mizinga ya magogo, mzee mfupi mwenye ugoro mfukoni na maneno makali mdomoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesuka nywele na kuzipaka mafuta ya kunukia, yale ya kichupa, maana nilitaka wanakijiji waone serikali imewaletea mtu wa maana. Tulipofika chini ya mti wa mringaringa wenye mizinga, nyuki waliacha shughuli zao zote wakaja kichwani kwangu. Nilipiga kelele, "Yeleuwi!" nikakimbia, nikajitupa kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaoteremka kutoka mlimani. Maji ya mfongo asubuhi mnayajua. Akina mama waliokuwa wanafua waliniopoa wakicheka mpaka wakakaa chini. Meku Ndesario alinifuata polepole, akavuta ugoro wake, akasema, "Mwalimu amefika." Kwa miezi mitatu hakuniita kwa jina jingine.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hilo: usiende kwa nyuki ukinukia kama bibi harusi. Oga kwa sabuni ya mche, vaa nguo iliyofifia, na usitembee kwa haraka. Na kama umegombana na mtu nyumbani, ahirisha. Sijui nyuki wanajuaje, ila mikono yako itawaambia.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo halichekeshi sana. Katika miaka yangu ya mwanzo tulifanya mashindano ya kihamba bora. Kihamba ni shamba letu la nyumbani, mnajua, migomba juu, kahawa chini, miti ya kivuli, ng'ombe bandani, na wazee wetu wamelala makaburini humo humo pembeni. Mimi nilikuwa mmoja wa waamuzi. Nilitembea na karatasi na kalamu, nikampa ushindi baba mmoja aliyekuwa amefyeka kila kitu pembezoni. Kishona nguo hakuna, kivumbasi hakuna, uzio wetu wa mimea ya masale umekatwa umebaki vijiti, kingo za mfongo zimechongwa kama mkate. Nilimsifu mbele ya watu. Zawadi yake ilikuwa bomba la kupulizia dawa, na nililikabidhi kwa mikono yangu miwili nikitabasamu. Mwaka uliofuata kijiji kizima kikafyeka. Mimi, mtu wa nyuki, niliwafundisha watu kuwanyima nyuki chakula.

Meku Ndesario hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kona ya makaburi ya kwao, mahali alipozikwa mama yake. Udongo pale ulikuwa mgumu, mwekundu, umefagiwa safi. Akachuma jani la nyasi, akalielekeza kwenye tundu dogo, lenye upana wa penseli.

"Unaona nini?"

"Sisimizi," nikasema.

"Kaa chini, Mwalimu. Usiwe na haraka ya kujibu."

Nikakaa. Baada ya muda akaja mdudu mnene mwenye mistari ya bluu tumboni, akasimama hewani, akaingia tunduni. Kisha mwingine. Kisha nikaona matundu yenyewe hayakuwa machache.

"Hawa nao ni nyuki," akasema. "Hawana mzinga, hawana malkia, hawana asali ya kukuibia. Kila mama ana nyumba yake. Na hawa wanapenda udongo usioguswa na jembe."

Niliitikia kwa kichwa kwa heshima, nikarudi ofisini, nikasahau. Kitabu changu cha chuo kilikuwa kimejaa mizinga. Nyuki asiyekaa kwenye mzinga sikujua nimwandike wapi.

Ilinichukua miaka mingi kumwelewa yule mzee, na alikuwa ameshafariki nilipomwelewa. Fikirini wenyewe. Kwenye kihamba hakuna hata shibiri ya ardhi inayopumzika. Tunalima, tunamwaga samadi, tunafunika kwa majani ya migomba. Ni sehemu moja tu ambayo hakuna mtu atakayeitia jembe, nayo ni makaburini. Tena tunaifagia kila Jumamosi, kwa hiyo inabaki wazi na kavu, inapata jua. Hao nyuki wa udongoni walikuwa wamebanwa kila upande, wakaenda kukaa na marehemu wetu.

Nilipolielewa hilo ndipo kazi yangu ikapata akili. Kabla ya hapo, kila tatizo nililijibu kwa mzinga. Kahawa haizai, leta mzinga. Kikundi cha akina mama kinataka mradi, leta mzinga. Baadaye nikaanza kutembea kwa miguu kutoka ukingo wa msitu kushuka na mfongo, kihamba baada ya kihamba, nikiuliza swali moja tu: nyuki akitoka hapa, atatua wapi tena? Nyuki wa asali ana mbawa za safari. Lakini nyuki wadogo wasiouma, na hao wa udongoni, na wale weusi wanene wanaotoboa makenchi ya paa zenu, hao hawaendi mbali. Mpe ukuta mmoja mrefu wa matofali na uwanja wa zege, umemfungia njia. Ndege chozi na kinyonga nao ni vile vile, wanataka mahali pa kushika.

Tukaanza kuitengeneza njia. Sikuomba mtu anipe shamba lake lote. Niliomba vipande. Mama, niachie hatua mbili za ukingo wa mfongo, kivumbasi kiote. Baba, masale yasikatwe yote siku moja, kata upande mmoja, mwingine utoe maua. Mboga ya mnafu mkishaichuma majani, acheni mashina machache yatoe maua. Maboga yapandeni karibu na choo mnakopita kila siku, mtayaona yakizaa. Mringaringa usiukate eti unakinga dishi la televisheni. Na kona ya makaburi iacheni iwe udongo. Hilo la mwisho ndilo lililonipa kazi, maana ilikuwa imeingia fasheni ya marumaru.

Ninyi mnaokuja Krismasi mnaijua fasheni hiyo kuliko mimi. Wachagga tunatawanyika mwaka mzima, Dar, Arusha, Mwanza, kisha Desemba barabara inajaa, tunapanda mlimani wote. Mtoto aliyefanikiwa anaonyesha mafanikio kwa wazazi, na kama wazazi wamelala, anaonyesha kaburini. Marumaru juu, na kuzunguka pote zege, wageni wasikanyage vumbi. Ni upendo, msinielewe vibaya. Nilikaa kwenye vikao vya koo nyingi nikasema, kaburi lipambeni mtakavyo, ila pembeni acheni udongo. Wengine walinisikiliza. Wengine walisema Mama Nyuki amezeeka vibaya. Lakini njia ilishika, kuanzia msituni hadi kwa Mama Kunda, jirani yangu wa chini, na kihamba chetu kilikuwa katikati yake.

Kisha mume wangu akafariki.

Aliitwa Eliamini. Alikuwa mwalimu, mpole, na alinizoea na nguo zangu zinazonuka moshi wa mizinga. Alikufa nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilimzika kwenye kona ya wazazi wake, pale pale kando ya mfongo. Siwezi kuwaandikia vizuri mwaka huo. Nilikuwa naenda kazini, narudi, nafagia kaburi, nalala.

Krismasi ilipofika walikuja wote. Shemeji yangu Anaeli, mdogo wake Eliamini, fundi wa mabomba ya maji Dar es Salaam, alikuja na mifuko ya saruji juu ya gari. Ilikuwa tuweke marumaru na msalaba, mchungaji aje, na Anaeli alikataa kabisa kuajiri fundi. "Kaka yangu ndiye aliyenisomesha," alisema. "Zege lake nitalikoroga mwenyewe." Akavua shati, akakoroga. Wapwa zake wakabeba mchanga, wakaimba nyimbo za kanisani kwa Kichagga, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anasukuma koleo.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kanga begani. Niliyaona matundu. Niliona na nyuki mmoja amerudi na chavua miguuni, anazunguka, anatafuta mlango wake, na zege limeshafika. Nilijua kabisa ninachokiona. Ilikuwa ndiyo kazi yangu kukiona. Lakini nilifikiria, nikisema sasa hivi, ukoo mzima utasema mwanamke huyu anapenda wadudu kuliko mume wake. Na kusema kweli, nilitaka Eliamini apate kaburi zuri. Nikanyamaza. Zege likaenda mpaka ukingoni mwa mfongo, likalainishwa, likapendeza. Siku ya ibada kila mtu alilisifia, na mimi nilijivuna, siwafichi.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokwisha, Mama Kunda alipanda kuja kwangu. Huyu mama ni mjane kama mimi, watoto wake amewasomesha kwa ngogwe, hizo nyanya chungu mnazokula na nyama. Anamwagilia kwa mfongo, anapeleka sokoni Moshi mjini. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Mama Nyuki, ngogwe zangu zinatoa maua, maua yanaanguka."

"Umepulizia dawa?"

"Sijapulizia. Chache zinazoshika ni ndogo kama goroli, tena zimepinda."

Nikajibu kwa ile jeuri yangu ya zamani. Nikamwambia asijali, nitamletea mizinga miwili. Nikaileta wiki hiyo hiyo, yenye nyuki wazima, nikaiweka kwenye kona ya shamba lake. Nyuki wale walikula kivumbasi chake, wakala maua ya maharage, wakala maua ya migomba. Ngogwe walizipita kama vile hazipo.

Siku moja akaniita nichuchumae naye katikati ya mistari. Akashika ua la zambarau la ngogwe kwa vidole viwili.

"Wale wa zamani walikuwa wanaling'ang'ania hivi," akasema, "halafu wanalia juu yake kama mashine ya kunyoa. Unga unadondoka. Hawa wako wa mzinga hawajui kulia. Wale wengine wamekwenda wapi?"

Ua la ngogwe, vijana, limefunga chavua ndani kama pilipili manga kwenye kichupa. Lazima mtu alitikise. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Nyuki wa udongoni ndiyo kazi yake. Mama Kunda hakusoma chuo cha nyuki, lakini aliliona hilo kwa miaka yote akiwa ameinama kwenye mistari yake. Jibu la swali lake nilikuwa nalijua. Wamekwenda chini ya zege la mume wangu.

Nilimwambia. Sikuweza kumtazama. Akakung'uta udongo kwenye kanga yake.

"Kaburi la Mwalimu Eliamini siwezi kukuambia ulivunje," akasema. "Nitapanda kabichi." Akainuka. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba kipande chake ni cha mteremko na kabichi zingeteleza na mvua ya kwanza, na mtoto wake wa mwisho alikuwa bado shule.

Kwetu kaburi si la mjane peke yake, ni la ukoo, na jambo lake halisemwi barabarani. Nikasubiri Krismasi. Hiyo miezi niliihesabu. Nilistaafu katikati yake, nikafanyiwa sherehe, nikapewa cheti kinachosema nimelinda viumbe, nikakiweka chini ya godoro.

Walipokuja nilimwomba Anaeli twende makaburini wawili tu, asubuhi, kabla mbuzi hajachinjwa. Nikasema moja kwa moja.

"Shemeji, nataka tuvunje zege. Si kaburi. Marumaru na msalaba vibaki. Hili la kuzunguka, mpaka mfongoni."

Alinitazama kama nimemtukana. "Hili nililokoroga kwa mikono yangu?"

"Hilo."

"Kwa sababu gani?"

"Kulikuwa na nyuki chini yake. Mama Kunda ngogwe zake zimekufa."

"Yaani nimvunjie kaka yangu uwanja wake kwa ajili ya wadudu." Sauti ilianza kupanda. "Kaka yangu aliyeninunulia viatu vya kwanza. Watu watasema nini? Watasema Anaeli alijenga, shida zikamfika, akabomoa?"

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo yote, ya chavua, ya njia, ya msitu. Nikayaacha. Nikamwambia, "Anaeli, siku ile niliwaona. Nilikuwa nimesimama pale. Nikanyamaza, ukaendelea kumwaga."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Aligeuka mzima mzima.

"Uliona?"

"Niliona."

"Mimi ni fundi bomba, shemeji! Mimi nitajuaje mambo ya nyuki? Ungesema siku ile nisingemwaga hata ndoo moja. Umeniacha nimfanyie kaka kosa, na wewe unajua!"

Nikalia. Nililia kwa sauti, wakatoka watu mpaka barazani. Anaeli aliwafukuza kwa mkono. Akazunguka kaburi mara mbili, akapiga teke zege, akalipiga tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Lina nondo?"

"Wewe ndiye uliyelijenga."

"Halina," akasema. Akaenda kutafuta nyundo kubwa.

Ukoo ulikaa kikao saa nzima kabla hajapiga. Mjomba mmoja alitoka kwa hasira na kurudi pombe ya mbege ilipoletwa. Shangazi yao mkubwa ndiye aliyemaliza maneno, akasema Eliamini alikuwa anafagia udongo ule maisha yake yote na hakuna aliyemsikia akiomba zege. Anaeli akavunja mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia. Vipande tukavipanga kwenye ukingo wa mfongo kuzuia mmomonyoko. Jioni alikuwa na malengelenge viganjani na hakuzungumza na mimi.

Sasa hapa nisimame nisisitize, maana hili ndilo nililokuwa nawaandikia tangu mwanzo. Mizinga mtajifunza, haina shida. Miti mtapanda. Njia ya nyuki mtaichora kwenye simu zenu vizuri kuliko nilivyochora mimi kwa miguu. Lakini siku mtakayoona jambo ambalo wengine hawalioni, semeni siku hiyo hiyo, hata kama ni msibani, hata kama sauti inatetemeka. Kiini cha kazi ni hicho, mengine ni mafunzo ya wiki mbili.

Msifikiri udongo ukifunguliwa nyuki wanarudi kesho yake. Udongo ule ulikuwa umeshindiliwa na umelowa saruji. Niliukwaruza juu kwa reki, nikauacha unyeshewe, nikafagia kila Jumamosi. Nilipanda kivumbasi kando. Mama Kunda alikubali kuacha mistari mitatu tu ya ngogwe, mingine akapanda kabichi, na kweli mvua ilizibeba.

Anaeli alirudi Dar akiwa bado amenuna. Lakini Jumapili moja alipiga simu, hata salamu hakumaliza.

"Wamerudi?"

"Bado."

Akakata. Jumapili iliyofuata akapiga tena. Mwaka mzima tulizungumza hivyo, shemeji na mimi, maneno mawili matatu. Wamerudi? Bado. Ngogwe je? Bado. Kuna Jumapili nilitaka kumdanganya ili tu apumzike.

Mwaka jana, baada ya masika, Mama Kunda alinipigia ukelele kutoka bondeni. Niliteremka na ndala, sikufunga hata mlango. Alikuwa amesimama kwenye ile mistari mitatu, amejishika mdomo. Sikuhitaji kuuliza, niliwasikia wakilia juu ya maua kabla sijawaona. Nikampigia Anaeli. Ilikuwa Jumatano, alishtuka, akadhani kuna msiba. Nikamwambia asiseme kitu, nikainama, nikaisogeza simu mpaka karibu na ua.

Alisikiliza. Kisha nikamsikia anavuta pumzi ya kilio, mtu mzima yule, fundi wa mabomba, yuko kwenye mtaro wa watu huko Dar.

"Shemeji," akasema, "panda sasa hivi ukamwambie kaka."

Nikapanda.